Fanya Fujo Uone: kwa nini jiwe lako ni zawadi kwa mtawala

(Haya ni maneno ya mwalimu mstaafu aliyezungumza na vijana katika ukumbi mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam. Mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe, na kwa hali ilivyo tumemwelewa. Tumeyachapa kama yalivyotoka kinywani mwake, tumepunguza salamu tu. – Mhariri)

Ndugu zangu vijana, wazee wachache mliokuja, na akina mama wawili watatu ninaowaona pale karibu na mlango, na hiyo habari ya wawili watatu nitairudia.

Nimeitwa kujibu swali moja. Kijana aliyeniletea barua aliliandika hivi: je, watu wasio na silaha wakiingia barabarani kwa amani wanaweza kuiondoa serikali isiyotaka kuondoka? Chini yake, kwa kalamu nyingine, mtu akaongeza: "Au tunadanganyana?" Mimi nimelipenda zaidi swali la kalamu ya pili.

Najua limetoka wapi. Habari ya tarehe 29 Oktoba 2025 sina haja ya kuwasimulia. Nyie mlikuwa barabarani, mimi nilikuwa ndani nimefunga mlango, mzee wa goti bovu. Mliona watu wakitoka siku ya kura, mliona vituo vya mwendokasi vikiwaka, mkasikia risasi, kisha intaneti ikazimwa na amri ya kutotoka nje ikatangazwa. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilizungumzia taarifa za mamia ya waliouawa. Humu ndani wamo waliozika, wamo na waliotafuta wasipate cha kuzika. Kwa hiyo mtu akisimama hapa akaanza kuimba "amani, amani" kama wanavyoiimba vigogo kwenye televisheni, mna haki ya kumzomea. Amani yao maana yake kaa kimya, ule kidogo ulichopewa, ushukuru. Mimi sikuja kuwaambia mkae kimya.

Wala sikuja kuwaambia mwokote mawe. Nimekuja kuwaeleza jiwe linafanya kazi gani, na linamfanyia nani.

MAHARAGE YENYE WADUDU

Nianze na kisa kidogo, kisa cha jikoni. Zamani nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bweni, jina tuliache. Wanafunzi walikuwa wakilishwa maharage yaliyotobolewa na wadudu hadi ukiyachemsha wadudu ndio wanaelea juu kama nyama ya mchuzi. Pesa ya chakula ilikuwepo, ila ilikuwa na mguu, inatembea usiku. Basi mwaka wa kwanza wanafunzi wakachoka, wakatoka usiku wakaivurumishia mawe nyumba ya mkuu wa shule. Kioo kikavunjika, mtoto wake mdogo akachanwa uso. Kesho yake polisi hao, na wazazi waliokuja juu juu kutoka vijijini wakawa upande wa mkuu. Wapishi upande wa mkuu. Sisi walimu, wengi tuliojua siri ya maharage, tukanyamaza, maana nani atasimama kumtetea aliyemchana mtoto uso? Vijana ishirini wakafukuzwa. Maharage yakabaki yale yale.

Mwaka wa pili hawakurusha hata kokoto. Walikuja bwaloni kwa wakati, mashati yamechomekwa, wakakaa, wakapakuliwa, wakaiweka sahani mbele yao, na hakuna aliyekula. Shule nzima kimya. Mkuu akapiga kelele, wakamtazama. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mpishi mmoja, mama wa makamo, akavua aproni akasema mimi nimechoka kupika uchafu huu, na ninajua mchele uko wapi. Akaanza kusema. Kumbe alikuwa akijua miaka yote! Karani wa stoo naye akatoa daftari. Siku ya tano ofisa elimu alikuwa mlangoni.

Sasa angalieni. Nani alimshinda mkuu wa shule? Wanafunzi? Wanafunzi walikaa tu. Aliyemshinda ni mpishi na karani, watu wake mwenyewe. Mwaka wa kwanza jiwe liliwasukuma hao wawili wakamkumbatia. Mwaka wa pili ukimya uliwapa nafasi ya kutoka.

Nina jambo moja tu la kuwaambia leo na hilo ndilo. Maandamano hayaangushi serikali. Serikali huanguka pale wanaoibeba wanapoitua: askari, karani, dereva, fundi wa umeme, mtangazaji, jaji. Kazi ya maandamano ni kuwaonyesha hao kwamba mzigo unaweza kutuliwa, na kwamba wakiutua hawatachinjwa.

WASUDANI MARA TATU

Mtaniambia, mwalimu, hayo ni maharage, sisi tunazungumza habari ya vifaru. Haya, twendeni kwenye vifaru. Twendeni Sudan.

Nimeichagua Sudan kwa sababu pale jambo hili limejaribiwa mara tatu katika nchi moja, na si nchi ya Wazungu mkaniambia wenzetu wana utamaduni wao. Oktoba 1964 polisi walimpiga risasi mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Khartoum. Mazishi yakageuka maandamano, maandamano yakageuka mgomo wa nchi nzima, madaktari, mawakili, makarani, wafanyakazi wa reli, na utawala wa kijeshi wa Jenerali Abboud ukaporomoka. Aprili 1985 mtawala alikuwa Nimeiri. Bei ya mkate imepanda, yeye yuko safarini Marekani, watu wakatoka, vyama vya wafanyakazi vikafunga ofisi na hospitali, na tarehe 6 Aprili majenerali wake wenyewe wakamwambia usirudi. Mara zote mbili kilichoziba njia ni mgomo.

Akaja Omar al-Bashir kwa mapinduzi ya tarehe 30 Juni 1989. Huyu alikuwa amesoma historia. Jambo alilowahi kulifanya ni kuvifuta vyama vya siasa na vyama vya wafanyakazi, maana alijua mwenzake alidondokea wapi. Akaunda usalama wa taifa wenye bunduki zake, akawakumbatia wanamgambo wa Darfur waliokuja kuitwa Vikosi vya Msaada wa Haraka, ili jeshi likimgeuka awe na jeshi jingine. Watu walipotoka Septemba 2013 kwa ajili ya bei ya mafuta, aliua zaidi ya mia, na ikaisha. Alikaa miaka 30. Kijana wa Khartoum wa mwaka 2018 alikuwa kama wewe uliyekaa pale: tangu azaliwe hajawahi kuona rais mwingine wala chama kingine.

Tarehe 19 Desemba 2018, mji wa Atbara. Mkate uliokuwa pauni moja umekuwa pauni tatu. Vijana wakatoka, na sitawaficha, siku ile ile ofisi ya chama tawala ilichomwa moto. Serikali ikafurahi! Ndiyo, ikafurahi. Ikawa na cha kuonyesha: wahuni hao, wachomaji hao. Ikaenda mbali zaidi, ikawakamata vijana wanafunzi wenye asili ya Darfur na kusema hawa ndio waasi waliotumwa kuua raia. Walitarajia watu wa Khartoum watarudi ndani waseme kumbe ni mambo ya Wadarfur. Watu wakajibu barabarani kwamba kama ni hivyo nchi nzima ni Darfur. Kabila lilikuwa kadi ya mtawala kwa miaka 30, na siku ile kadi ikakosa mnunuzi.

Kisha wakatokea watu ambao Bashir hakuwatarajia, Jumuiya ya Wanataaluma. Madaktari, walimu, wanahabari, mawakili. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakijijenga kimya kimya, wakikusanya habari za mishahara, wakidai kima cha chini. Mambo ya kuchosha hayo, mambo ambayo nyie mkiitiwa kikao hamji. (Kicheko.) Hao ndio waliochukua usukani. Wakawa wanatoa ratiba: Alhamisi tunatoka kutoka hapa na hapa, Jumapili hapa. Na neno moja lililorudiwa kila siku: silmiya. Mnaisikia "salama" ndani yake? Maandamano ya salama. La pili ni tasqut bas, yaani ianguke, basi. Hilo "bas" ni "basi" yetu hii hii ya Kiswahili. Hawakudai mkate tena, walidai moja tu. Ianguke, basi.

Miezi minne. Mabomu ya machozi, risasi, watu kuburutwa kutoka vyumbani. Februari 2019 ikatangazwa hali ya hatari. Mitaani kukawa na kamati, kila mtaa na yake, vijana wanajuana kwa sura: nani ana gari, nani muuguzi, mlango gani utafunguliwa ukikimbizwa.

Halafu ikaja tarehe 6 Aprili, siku ile ile aliyoangukia Nimeiri. Angalieni walikokwenda. Hawakwenda kupora duka. Hawakwenda ikulu. Walikwenda makao makuu ya jeshi na wakakaa chini nje ya ukuta. Maelfu kwa maelfu, na mikeka, na maji, na wapika chai. Wakawaambia askari: sisi tuko hapa, nyie mko upande gani? Lile ndilo swali la bwaloni, sahani imewekwa mbele ya mpishi.

Usiku usalama wa taifa wakaja kuwatawanya kwa risasi. Hapo ndipo serikali ilipokatika. Baadhi ya wanajeshi na maofisa wa chini wakafungua mageti raia waingie, wengine wakajibu risasi kuwakinga, na kuna wanajeshi waliokufa pale. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba hapakuwa na bunduki upande wa wananchi. Ilikuwepo, lakini haikuokotwa na kijana wa mtaani. Ililetwa na mwenye nayo, kwa hiari yake, kwa sababu aliyekuwa amekaa nje ya ukuta hakumtisha. Tarehe 11 Aprili Bashir akaondolewa. Jenerali Ibn Auf, aliyetangaza kumwondoa, akashika yeye. Watu wakagoma kunyanyuka, na kesho yake naye akaondoka. Marais wawili katika saa 48, na waandamanaji wamekaa kwenye mikeka.

Tarehe 23 Aprili treni iliingia Khartoum kutoka Atbara, watu mpaka juu ya paa. Mimi mzee niliiona picha ile nikalia, na nitawaambia kwa nini. Atbara ni mji wa reli. Wafanyakazi wa reli wa Atbara waliwagomea Waingereza tangu miaka ya 1940. Miaka hiyo hiyo, Septemba 1947, hapa hapa Dar es Salaam makuli wa bandarini waliweka mizigo chini, na mgomo ukapanda treni ukaenda bara, Morogoro, Dodoma, Tabora. Agosti 1948 makuli wa Unguja nao. Walikuwa akina kabwela hasa, watu wa kubeba magunia. Wakoloni walikuwa na bunduki lakini bunduki haipakui meli. Nyie mnafundishwa kwamba uhuru uliletwa na hotuba.

WAMA HUNA SHANGAZI

Sasa nirudi kwa askari wetu. Sisi wenyewe kwa utani tuliwapa FFU jina, Fanya Fujo Uone. Mmewahi kulifikiria jina lile? Ndani yake mna mafunzo ya siasa kuliko vitabu vyangu vyote. Fanya fujo, uone. Yaani yeye kazi yake inaanza ukifanya fujo. Kafundishwa hilo, kavalishwa kwa ajili ya hilo, ana ngao ya hilo, ana amri iliyoandikwa ya hilo. Ukirusha jiwe umemwingiza kwenye mchezo anaoujua kuliko wewe, na umemwondolea shaka moyoni. Maana askari yule naye kapanga chumba, mwenye nyumba anamdai, mshahara haufiki tarehe kumi na tano. Ana shaka. Jiwe lako likipiga kofia yake, shaka inakwisha.

Na msipofanya fujo? Watazitafuta. Watamleta mtu wao arushe jiwe la kwanza, hilo nalo tunalijua, si ndiyo? (Sauti: Ndiyo!) Kwa hiyo jiulizeni, kitu ambacho mtawala yuko tayari kukilipia kifanyike, kinawezaje kuwa silaha yenu?

Kuna wasomi wawili wa Marekani, Erica Chenoweth na Maria Stephan, waliohesabu harakati 323 za duniani kuanzia mwaka 1900 hadi 2006. Zile za mikono mitupu zilifanikiwa asilimia 53. Zile za silaha asilimia 26. Watu wakaichukua hesabu hiyo, na nyingine inayosema asilimia tatu na nusu ya raia wakitoka serikali lazima ianguke, wakaifanya hirizi. Vijana mnaipenda hiyo hesabu, nimeiona hata kwenye fulana. Ivueni. Asilimia 53 maana yake karibu nusu wameshindwa. Na tangu mwaka 2010 wanaofanikiwa wamepungua, maana watawala nao wanasoma. Bahrain mwaka 2011 walitoka wengi kuliko hiyo tatu na nusu, na utawala haukutikisika. Kwa nini? Askari wengi wa Bahrain waliajiriwa kutoka nchi za nje, na Machi mwaka ule majeshi ya Saudi Arabia yakavuka daraja kuja kusaidia. Askari yule akitazama umati hamwoni shangazi yake.

Hapa kwetu tunayo Januari 2001. Tarehe 26 na 27, Unguja na Pemba, watu walitoka kudai uchaguzi wa mwaka 2000 urudiwe na katiba ibadilishwe. Askari wengi waliopelekwa walitoka Bara, hawana shangazi Wete wala Micheweni. Tume ya serikali yenyewe, ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ilihesabu waliokufa 31. Wengine walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya, na Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imetoa wa kwake. Oktoba mwaka ule ule ukatiwa saini Muafaka, na mwaka 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni kukubali serikali ya umoja wa kitaifa. Je, maandamano yalishinda? Mimi nasema aibu ilishinda kidogo, na ilichukua miaka tisa, na waliokufa hawakuiona. Mkitaka jibu tamu zaidi ya hilo tafuteni mwalimu mwingine.

Nilisema nitairudia habari ya akina mama wawili watatu. Ndiyo hii. Humu ndani tuko wanaume kama mia na akina mama hawa watatu. Umati wa wanaume wa miaka 20 ni umati rahisi kuliko yote duniani kupigwa. Askari hana haja ya kuufikiria, anaujua kwa jina, wahuni. Khartoum wanawake walikuwa mstari wa mbele tangu siku ya kwanza, wanafunzi, madaktari, akina mama lishe, mpaka picha iliyozunguka dunia ikawa ya msichana, Alaa Salah, amesimama juu ya gari kwa vazi jeupe. Hawakuletwa wawe pambo. Pale alipokaa mama wa watu na birika lake la chai, ofisa anayetoa amri ya kupiga anameza mate kwanza. Na nyie mkiitisha kikao dada zenu mnawaambia wabaki nyumbani wapike. Halafu mnaniuliza kwa nini tunapigwa!

SIKU YA PILI YAKE

Ningeweza kuishia kwenye treni ya Atbara, mkapiga makofi, tukaenda zetu. Lakini yule mwenye kalamu ya pili hajajibiwa.

Tarehe 3 Juni 2019, siku za mwisho za Ramadhani, alfajiri, wanamgambo na vikosi vya usalama waliivamia ile mikeka. Zaidi ya watu mia waliuawa kwa hesabu ya madaktari, wengine wakatupwa Mto Nile. Intaneti ikazimwa. Pale ndipo penye mtihani, na pale wangeweza kuokota silaha, Sudan si nchi ya kukosa bunduki. Hawakuokota. Tarehe 9 Juni walianza mgomo wa nchi nzima, Khartoum ikawa kama mji wa Idi bila Idi, maduka yamefungwa, benki zimefungwa, barabara tupu. Unampiga risasi nani mtu akiwa amelala kwake? Halafu tarehe 30 Juni, bila intaneti, kwa vikaratasi na kugongeana milango na zile kamati za mitaa, wakatoka makundi kwa makundi katika miji ya nchi nzima. Siku tano baadaye majenerali wakakubali kugawana madaraka. Agosti wakatia saini, na raia, Abdalla Hamdok, akaapishwa waziri mkuu.

Hii nadhani ndiyo kazi kubwa kuliko zote waliyoifanya, kubwa kuliko kumwondoa Bashir. Na ndipo walipokosea. Au niseme, ndipo walipochoka, na nani angewalaumu.

Kwa sababu katika karatasi ile bunduki zilibaki kwa wale wale. Jenerali Burhan mwenyekiti wa baraza kuu. Makamu wake Hemedti, kamanda wa wanamgambo wale wale wa tarehe 3 Juni. Makampuni ya jeshi yakabaki ya jeshi, biashara ya dhahabu ikabaki ilipo. Raia wakapewa ofisi na madeni. Tarehe 25 Oktoba 2021 Burhan akampindua Hamdok. Watu wakatoka tena, wiki baada ya wiki, wakauawa tena, zaidi ya mia. Na tarehe 15 Aprili 2023 majenerali wale wawili wakageukiana wao kwa wao, vita ikaanza, na watu zaidi ya milioni kumi wakayahama makazi yao.

Ndiyo maana niliwaambia mara tatu. Walimwangusha Abboud 1964, mwaka 1969 akaja Nimeiri na vifaru. Walimwangusha Nimeiri 1985, mwaka 1989 akaja Bashir na vifaru. Walimwangusha Bashir 2019, mwaka 2021 vifaru. Mara tatu mikono mitupu imeshinda, na mara tatu mwenye kifaru amesubiri vumbi litulie.

Wapo watakaosema, unaona mwalimu, bora wangechukua bunduki. Nawauliza, waliochukua bunduki Sudan wamefika wapi? Kusini ilipigana vita viwili, miaka mingi, ikapata nchi yake mwaka 2011, na Desemba 2013 waliokuwa na bunduki wakageukiana. Darfur walichukua bunduki mwaka 2003. Ulizeni walipo. Mikono mitupu iliwaletea Wasudani miaka miwili ya kupumua mwaka 2019, bunduki haikuwaletea hata mwezi mmoja.

Hesabu niliyofikia mimi, na mnaweza kunipinga, ni kwamba mgomo na mkeka vinatosha kumtoa mtu. Kumtoa mfumo, kujua mshahara wa jeshi unatoka wapi, nani anamiliki mgodi, nani anateua tume ya uchaguzi na jaji mkuu, hayo yanataka watu wanaojua wanachotaka kabla ya siku ya mkeka, na watakaokaa mkekani hata baada ya sherehe. Vijana wa Kenya Juni 2024 waliingia barabarani bila chama wala kiongozi, wakaingia mpaka bungeni tarehe 25, watu wakauawa, na kesho yake rais akatangaza hatatia saini Muswada wa Fedha. Julai akavunja baraza la mawaziri. Ushindi huo, sibishi. Walisema hatuna kiongozi wa kukamatwa, na ni kweli. Lakini walikosa na wa kukaa mezani, na viti vilivyoachwa wazi wakagawana wanasiasa wale wale, wengine kutoka upinzani. Sisi wapinzani tusijifanye hatukuona.

Sasa nyie hapa. Kabla hamjaniuliza tutoke lini, mimi nawauliza: katika mtaa wako, unamjua kwa jina askari anayekaa nyumba ya tatu? Mkewe anauza nini? Mlishawahi kumtembelea mgonjwa wake? Madereva wa daladala wana chama, makuli wana chama, bodaboda mna chama cha kufa na kuzikana tu. Dereva wa bodaboda akionewa barabarani wangapi wanazima injini? Wakizima kumi leo kwa ajili ya mwenzao mmoja, kesho kutwa mnaweza kuzima mia kwa ajili ya jambo jingine. Mkishindwa kuzima kumi, msiniambie habari ya milioni.

Nimeambiwa Khartoum zile kamati za mitaa hazikufa vita ilipoanza. Vijana wale wale waliokuwa wakigonga milango usiku kuamkia tarehe 30 Juni waligeuka wapishi, wakafungua majiko ya mtaa, wakapikia watu dengu na uji chini ya mabomu ya pande zote mbili. Sudan itakapokuwa na serikali ya raia tena, nitashangaa kama haitatoka kwenye majiko yale.

Mwenye ukumbi ananionyesha saa. Wewe kijana wa kofia nyekundu, mkono umeuinua tangu nilipotaja FFU, na uso wako unasema hukubaliani nami. Simama. Sema kwa sauti, nyuma nao wasikie.